Seli 700 kwa Siku

Ubongo wa mtu mzima unaweza kuzaa seli mpya. Ukitaka kujua sentensi hiyo imefika wapi, chukua simu yako usiku na uandike neno "kiharusi" popote penye video. Dakika tano haziishi kabla hujakutana na mtu aliyevaa koti jeupe, anauza vidonge, unga wa majani au mafuta ya kuchua, na anakuambia kwamba sayansi imethibitisha ubongo uliokufa huota tena. Hao watu wananikera, na kinachonikera zaidi ni kwamba hawajalitunga jambo lenyewe. Hiyo sayansi ipo. Ilitafutwa kwa miongo mingi, ilivunja kazi za watu, ilipita kwa panya, kwa ndege, kwa tumbili na kwa wagonjwa wa saratani waliotoa ubongo wao baada ya kufa. Wauzaji wanachofanya ni kuisema nusu tu. Basi mimi nimekaa niandike na ile nusu nyingine.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Kuna wazee wanaosema mtu amepigwa na upepo, wengine wanasema ni jini, na sisi wa mjini tunasema tu "stroki" na kuendelea na stori. Kinachotokea kichwani ni jambo la mabomba: mshipa wa damu umeziba, au umepasuka. Seli za neva zilizokuwa zikitegemea mshipa huo hukosa oksijeni na sukari, na seli hizi hazina akiba ya kuwashikilia hata kidogo. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu akapata kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza wastani wa seli milioni 1.9 za neva kila dakika. Hiyo namba iweke kando. Tutaihitaji.

Swali linalofuata ni la kawaida kabisa, hata mtoto angeuliza. Ngozi ikichubuka, hufunga. Mfupa ukivunjika, huunga. Ini likikatwa kipande, hukua. Kwa nini ubongo usifanye hivyo?

Jibu lililotawala kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 lilitoka Uhispania, kwa mtu aliyekuwa na mkono wa msanii. Santiago Ramón y Cajal alitaka kuwa mchoraji, lakini babake, aliyekuwa daktari, hakutaka kusikia. Kijana akaenda kusomea utabibu, na uchoraji wake akauhamishia kwenye hadubini. Alichora seli za ubongo moja moja, na matawi yake, kwa uangalifu ambao bado unatumika vitabuni leo. Mwaka 1906 aligawana Tuzo ya Nobel na Mwitaliano Camillo Golgi, mtu ambaye hawakukubaliana hata juu ya jambo la msingi, yaani kama ubongo umejengwa kwa seli zilizotengana au kwa wavu mmoja ulioungana. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi.

Kisha, katika miaka ya 1913 na 1914, akatoa kazi yake kubwa kuhusu jinsi neva zinavyooza na jinsi zinavyojaribu kuota tena. Humo ndani aliandika kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia zote zimeshafungwa. Chochote kinaweza kufa, hakuna kinachoweza kuzaliwa upya. Wanafunzi wa udaktari walikaririshwa maneno hayo vizazi na vizazi. Lakini mzee hakuishia hapo. Papo hapo aliongeza kwamba ni kazi ya sayansi ya kesho kuibatilisha hukumu hiyo kali, ikiwezekana. Aliacha mlango wazi. Waliomfuata wakaufunga, halafu wakaandika jina lake juu yake.

Tusiwaonee sana. Hawakuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo. Seli inayogawanyika huonekana kwenye hadubini, ina umbo lake. Seli ya neva iliyokomaa, yenye matawi maelfu, haikuwahi kukutwa ikigawanyika. Na wodini walikuwako wagonjwa waliopooza mkono mwaka huu na mwaka wa kumi mkono ukawa bado umekunjwa kifuani.

Aliyeanza kuupasua huo ukuta ni Joseph Altman. Alizaliwa Budapest mwaka 1925, Myahudi, akanusurika mauaji ya Wayahudi ya Vita Vikuu vya Pili, akazunguka dunia hadi akaishia Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa MIT, na alikuwa na chombo kipya. Nieleze kidogo, maana ni chombo cha akili sana. Seli kabla ya kugawanyika lazima inakili DNA yake, na ili kuinakili inahitaji matofali. Tofali moja linaitwa thaimidini. Ukitengeneza thaimidini yenye mnururisho kidogo ukamdunga panya, basi kila seli inayojiandaa kugawanyika siku hiyo itameza hayo matofali yenye alama. Baadaye unamuua panya, unakata ubongo wake vipande vyembamba, unavipaka kemikali ya filamu ya picha, kama zile za kamera za zamani, na unaviweka gizani kwa wiki kadhaa. Mnururisho unaichoma filamu polepole. Ukija kutazama, palipozaliwa seli pana vidoa vyeusi.

Altman aliwajeruhi panya sehemu ndogo ya ubongo, kisha akawadunga. Hilo ni muhimu kwa habari yetu: tangu mwanzo swali hili lilihusu ubongo ulioumia. Karibu na jeraha aliona seli za usaidizi, ziitwazo glia, zimegawanyika, jambo ambalo kila mtu alilitarajia. Lakini vidoa vilikuwapo pia juu ya seli chache zilizofanana na seli za neva. Makala yake ya mwaka 1962 katika jarida la Science ina kichwa ambacho ni swali tu: je, seli mpya za neva huundwa kwenye ubongo wa mamalia wazima? Mwaka 1965, pamoja na Gopal Das, alikuja na jambo zito zaidi. Katika hipokampasi ya panya, ile sehemu inayoshughulika na kumbukumbu, seli mpya zilikuwa zinazaliwa hata bila jeraha. Baadaye akaonyesha pia zile zinazosafiri kuelekea sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kunusa.

Ungedhani dunia ilisimama. Wapi. Makala yalichapishwa kwenye majarida makubwa, yakasomwa, yakawekwa rafuni. Mwaka 1968 Altman alihamia Purdue, Indiana, akaendelea na kazi nyingine za ubongo. Wapinzani walikuwa na hoja moja ya haki: seli zenye vidoa zilikuwa ndogo, na kwa hadubini za wakati huo huwezi kuapa kwamba ni za neva na si glia. Lakini nikisoma historia hii naona kitu kingine ambacho mtu yeyote aliyewahi kuwa mgeni ofisini atakitambua. Mtu asiye na kundi hasikiki. Huhitaji hata kumpinga, unaacha tu kumtaja.

Michael Kaplan yeye alijaribu kujibu ile hoja ya haki. Mwaka 1977, akiwa na James Hinds huko Boston, alitumia hadubini ya elektroni akaonyesha kwamba seli zenye vidoa zina viungo ambavyo seli za neva pekee huwa navyo. Haikusaidia. Baada ya miaka ya kubishana na wakubwa aliacha utafiti huo, na mwaka 2001 aliandika makala ambayo kichwa chake kinazungumzia vifo viwili: kifo cha imani ya kale, na kifo cha kazi yake mwenyewe.

Waliobadilisha upepo ni ndege. Fernando Nottebohm, Muajentina aliyekuwa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alikuwa anachunguza jinsi kanari wanavyojifunza kuimba. Aliona kwamba sehemu ya ubongo inayosimamia wimbo hunenepa na kukonda kulingana na msimu. Mwaka 1983, na Steven Goldman, alionyesha kwamba seli mpya zinazaliwa kwa ndege wazima. Mwaka uliofuata maabara yake ikaonyesha kwamba seli hizo zinafanya kazi, zinaitika sauti ikipigwa. Hapo hakuna wa kusema ni glia. Basi wakasema ni ndege.

Mkubwa wa upande wa pili alikuwa Pasko Rakic wa Yale. Mwaka 1985 alitoa matokeo ya tumbili 12 aina ya rhesus waliodungwa thaimidini yenye alama, wengine wakachunguzwa miaka kadhaa baadaye. Hakupata seli mpya za neva. Hoja yake ya kueleza kwa nini haikuwa ya kipuuzi hata kidogo: mnyama anayeishi kwa kujifunza, anayehitaji kukumbuka leo alichofunzwa utotoni, atafanya nini na ubongo unaobadilisha seli zake kila mara? Ukibadilisha karani wa masijala kila wiki, faili zitapotea. Mimi nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza nilikubaliana nayo kabisa, na bado naona ina nguvu kwa sehemu kubwa ya ubongo.

Kwa binadamu hakuna aliyejua, kwa sababu huwezi kumdunga mtu mzima mnururisho kisha ukasubiri umpasue kichwa. Hapo ndipo inapoingia Uswidi. Wagonjwa wa saratani walikuwa wakipewa kemikali iitwayo BrdU, ambayo nayo hujipenyeza ndani ya DNA mpya, ili madaktari waone uvimbe unakua kwa kasi gani. Peter Eriksson wa Göteborg, aliyekuwa amefanya kazi na Fred Gage katika Taasisi ya Salk, California, alitambua kwamba kemikali hiyo haiendi kwenye uvimbe peke yake. Ingeweka alama hata kichwani. Wagonjwa watano, wenye umri wa miaka 57 hadi 72, waliokuwa na saratani za koo na ulimi, walipewa BrdU, na walipofariki ubongo wao ukachunguzwa. Mmoja aliondoka siku 16 tu baada ya sindano, mwingine aliishi zaidi ya miaka miwili. Wote walikuwa na seli mpya za neva katika hipokampasi.

Makala yalitoka Novemba 1998 na magazeti ya dunia nzima yakayadaka. Nafikiri sana kuhusu wale watano. Hatujui majina yao, na haifai tuyajue. Lakini kila ukisikia mtu anasema "ubongo huzaa seli mpya", neno hilo lilitoka kwa wagonjwa ambao wenyewe hawangefaidika nalo lolote.

Sasa kiharusi. Kama seli mpya huzaliwa kwenye ubongo mzima, je, zinaenda palipoungua? Mwaka 2002 kundi la Olle Lindvall na Zaal Kokaia, huko Lund, Uswidi pia, lilitoa jibu ambalo ningependa kila muuzaji wa vidonge alisome hadi mwisho. Waliwazibia panya mshipa mkubwa wa ubongo kwa saa mbili, kisha wakaufungua. Walichokiona kinashangaza kweli. Kando ya vyumba vya maji katikati ya ubongo kuna ukanda wa seli-shina. Baada ya kiharusi ukanda huo uliongeza kasi ya kuzaa, na seli changa zikaacha njia yao ya kawaida. Zikageuka, zikasafiri hadi kwenye sehemu iliyoharibika, na baadhi zikakomaa na kuanza kufanana na seli za aina ileile iliyokufa. Yaani ubongo una kikosi cha uokoaji, na kikosi kinajua njia.

Hiyo ndiyo nusu inayouzwa. Nusu ya pili iko kwenye makala hayohayo: zaidi ya asilimia 80 ya seli hizo changa zilikufa ndani ya wiki chache, na zilizobaki zilifidia kama asilimia 0.2 ya seli zilizopotea. Asilimia sifuri nukta mbili. Kwenye kila seli 1,000 zilizokufa, mbili ndizo zilizopata mrithi. Zinafika mahali ambapo damu haitoshi, pamejaa uvimbe na kovu, zinakosa wa kuunganishwa naye, zinakufa. Miaka minne baadaye kundi hilohilo likaonyesha kwamba uzazi huo hauishi upesi, unaendelea kwa miezi. Kwa hiyo mlango haujafungwa. Ni mwembamba tu.

Kwetu namba hiyo ilikuja na bei. Mjomba wangu alipata kiharusi akiwa na miaka 58, akapooza upande wa kulia. Aliporudi nyumbani tukaunda kundi la WhatsApp la kuchanga, na siku ya pili binamu mmoja akaweka humo tangazo la vidonge vya "kuotesha seli za ubongo", chupa shilingi 6,500, ya mwezi mmoja. Mtu wa fiziotherapia alikuwa anataka 1,500 kila akija, na alisema aje mara tatu kwa wiki. Hesabu za mchango hazikuwa zinatosha vyote viwili. Mimi ndiye niliyeambiwa nisome nilete jibu, kwa sababu eti nimesoma.

Anti, mkewe mjomba, aliniuliza mbele ya watu: "Kwa hivyo unasema hizo seli ni uongo?"

"Si uongo, anti. Ni chache, na hakuna kidonge kilichoonyesha kinaweza kuziongeza zikamfaa mgonjwa."

"Chache si ni afadhali kuliko hakuna?"

Hilo swali si rahisi kama linavyosikika. Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu, chache si afadhali kuliko hakuna. Inategemea unachoacha ili uzipate. Na kuna saa inayokimbia: sehemu kubwa ya kupata nafuu hutokea katika miezi ya kwanza, mitatu hadi sita. Mwezi ukipotea kwa kusubiri chupa ifanye kazi, haurudi. Mjomba mwenyewe, ambaye maneno yalikuwa yanamtoka kwa kuvuta, alimaliza mjadala. Alisema seli zije zisije, yeye anataka kufunga vifungo vya shati. Tukalipia fizio.

Nilichowapa siku ile kilitoka zaidi kwenye utafiti mmoja ambao ungeweza kuwa filamu. Kati ya mwaka 1955 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya nyuklia juu ya ardhi, na kiwango cha kaboni-14 hewani kikakaribia kuongezeka maradufu. Mwaka 1963, mwaka ule sisi tulipata uhuru, Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti wakatia saini mkataba wa Moscow wa kuacha majaribio hayo, na kaboni hiyo ikaanza kupungua hewani mwaka baada ya mwaka. Mimea iliivuta, ng'ombe wakala mimea, watu wakala vyote. DNA ya seli hubaki na kaboni ya mwaka ilipozaliwa. Kwa hiyo kila aliyeishi kipindi hicho anatembea na tarehe za kuzaliwa za seli zake, na hakuna aliyehitaji kumdunga chochote. Bomu lilishamdunga.

Jonas Frisén na Kirsty Spalding wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, ndio waliofikiria kuzisoma tarehe hizo. Mwaka 2013 walikadiria kwamba kila hipokampasi ya mtu mzima, nasi tunazo mbili, huongeza seli mpya 700 kwa siku. Sasa ile namba ya dakika irudi mezani. Seli 1,400 kwa siku, dhidi ya milioni 1.9 kwa dakika. Dakika moja ya kiharusi kikubwa huua seli ambazo hipokampasi zote mbili zingezizaa kwa karibu miaka minne. Na hata hizo zinazozaliwa zinabaki kwenye hipokampasi, haziendi kusogeza mkono wa kulia.

Mwaka 2014 watafiti wa kundi hilo walifanya kilichohitajika hasa: walipima kaboni ya seli kutoka kwenye gamba la ubongo la watu waliowahi kupata kiharusi. Seli za neva zilizokuwepo zilikuwa na umri wa mwenyewe. Hapakuwa na dalili ya seli mpya. Mwaka uohuo, lakini, walitoa ushahidi kwamba katika straiatamu, sehemu ya ndani zaidi, seli fulani za neva za binadamu huendelea kuzaliwa ukubwani. Kwa hiyo ukiulizwa kama ubongo wa mtu huzaa upya, jibu la haki ni kuuliza: sehemu gani?

Hata kwenye hipokampasi ugomvi haukuisha. Machi 2018 kundi la Arturo Alvarez-Buylla, San Francisco, lilisema baada ya utoto halioni seli changa kabisa. Mwezi uliofuata kundi la Maura Boldrini, New York, likasema zipo hadi uzeeni. Mwaka 2019 kundi la María Llorens-Martín, Madrid, likasema zipo kwa maelfu, na kwamba namna unavyohifadhi ubongo baada ya kifo inaweza kuzifuta. Mwaka 2025 watu wa Frisén wakarudi na ushahidi wa seli-mama zinazogawanyika katika hipokampasi za watu wazima, ingawa kwa kutofautiana sana: wengine wanazo nyingi, wengine karibu hawana. Wanasayansi walewale, ubongo uleule, na bado hawajapatana. Mtu wa koti jeupe kwenye simu yako yeye hana shaka yoyote.

Na si wauzaji tu waliorukia tumaini hili. Hospitali nazo zilijaribu, kwa njia ya heshima. Mwaka 2000 ilionyeshwa Yale kwamba fluoksetini, dawa ya sonona inayojulikana zaidi kwa jina la Prozac, huongeza seli mpya kwenye hipokampasi za panya. Mwaka 2011 jaribio la Ufaransa lenye wagonjwa 118 wa kiharusi likapata kwamba waliomeza dawa hiyo walirudisha nguvu za viungo kuliko waliomeza kidonge kitupu. Hospitali nyingi zilifurahi, nami ningefurahi. Kisha Uingereza wakafanya jaribio la wagonjwa 3,127, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti ya uwezo wa kujimudu. Waliotumia dawa hawakupata sonona kwa wingi kama wenzao, hilo ni jema, lakini walivunjika mifupa zaidi. Napenda hadithi hii kwa sababu mtu alikubali kulipia jaribio kubwa la kuua tumaini lake mwenyewe. Chupa ya 6,500 haijawahi kufanyiwa hivyo.

Sasa utauliza, kama seli haziji, watu wanaopona wanapona kwa nini? Maana wapo. Mjomba anafunga vifungo, polepole, vya juu vikimshinda bado.

Sehemu ya jibu iko kwa tumbili wa Randolph Nudo. Mwaka 1996 alionyesha kwamba baada ya kiharusi kidogo kwenye eneo la mkono, tumbili waliofanyishwa mazoezi ya kuchokoa chakula kwenye vishimo vidogo waliilinda ramani ya mkono iliyobaki. Kwa baadhi yao mkono ulivamia hata eneo ambalo zamani lilikuwa la kiwiko na bega. Hakuna seli mpya hapo. Ni seli za zamani zilizobadilishiwa kazi, kwa kurudiarudia hadi zikachoka kukataa.

Sehemu nyingine iko kwa mzee mmoja aliyeitwa Pedro Bach-y-Rita. Alikuwa mshairi mwenye asili ya Katalunya, mwalimu katika City College, New York. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa na miaka 65, kiharusi kilimpooza upande mmoja na kumnyang'anya kauli. Wiki nne za mazoezi hazikumsaidia, na ushauri ukawa apelekwe makao ya wasiojiweza. Mwanawe George, aliyekuwa anasomea udaktari Mexico, akamchukua nyumbani. Hakujua chochote kuhusu tiba ya kiharusi, kwa hiyo alianza pale mtoto mchanga anapoanzia: akamfundisha babake kutambaa, bega lililopooza likiegemea ukutani. Walitambaa hadi nje, majirani wakalalamika kwamba si adabu kumtambaza profesa kama mbwa. Wakacheza gololi chini, zile tulizoziita bano, mzee akizikamata kwa mkono mbovu. Akaosha sufuria, mkono ukizunguka dakika kadhaa upande huu, kisha upande ule. Kutoka kutambaa akaenda kwa magoti, kutoka magoti akasimama. Kauli ikarudi. Hatimaye alirudi darasani kufundisha, akaoa tena, akasafiri. Alikufa akiwa na miaka 72 huko Colombia, kwa moyo, baada ya kupanda mlima.

Mwanawe mwingine, Paul, alikuwa daktari na mwanasayansi, na uchunguzi wa ubongo wa babao ulifanywa na Mary Jane Aguilar. Paul alipotazama vile vipande vyembamba aliona uharibifu mkubwa ukiwa palepale kwenye shina la ubongo, miaka saba baadaye, neva nyingi mno zinazoshuka kutoka kichwani kwenda mgongoni zikiwa zimekufa na hazikuwahi kurudi. Alikuwa na zaidi ya miaka 40 alipoacha cheo chake akaenda kuanza upya kusomea tiba ya ukarabati, akikaa darasa moja na vijana.